Jirani wa Mama Yake Luhaga

Mtaa wa Mwabulenga ni mkubwa kuliko Mabatini, na hilo wala si la kubishana. Anayebisha aje atembee. Magharibi ni ziwa, mashariki ni barabara ya vumbi iendayo Kisesa, kaskazini ni korongo linalopitisha maji masika tu, na kusini ni mawe, yale mawe ya Mwanza yaliyopandana utadhani kuna mtu aliyapanga akachoka katikati ya kazi. Tofauti ni kwamba Mabatini watu wanagongana vichwa, na Mwabulenga ukiita, anayekuitikia ni mbuzi. Nyumba ziko mbalimbali kiasi kwamba mtu akitaka kuomba chumvi kwa jirani, anavaa viatu kabisa.

Zamani hapa palikuwa kitongoji cha kijiji. Watu walilima pamba na mtama, wakavua, wakafuga, na mambo ya mji waliyaona wakienda mjini. Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu ruksa kufanya biashara yake. Waliopata pesa za sangara wakaanza kutafuta viwanja, wapima wa manispaa wakaja na vyuma vyao vya miguu mitatu, wakachimbia bikoni, zile nguzo za mipaka, katikati ya mihogo ya watu. Viwanja vikauzwa. Wanunuzi wakaja, wakajenga misingi, wakapanda michongoma, wakapiga picha, halafu wakarudi zao mjini na hawajaonekana tena. Basi Mwabulenga ikawa mji kwenye ramani, na kwa macho ikabaki pori lenye misingi.

Na mji lazima uwe na mwenyekiti. Wa kwetu alikuwa Venant Kashindye, mtu mrefu, mwembamba, asiyependa maneno mengi, aliyewahi kuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipopunguza watu naye akapunguzwa. Wenzake waliopunguzwa, baadhi waliingia kwenye pombe na baadhi kwenye mitumba. Venant aliingia kwenye uenyekiti wa mtaa. Alishinda kirahisi, maana aliyeshindana naye alikuwa wa chama kipya ambacho hata bendera ilikuwa haijafika. Aliahidi bomba la maji, barabara na zahanati. Alisema, "Tukitaka vya mji, tufuate ya mji," na alilirudia neno hilo mikutanoni hadi watu wakawa wanammalizia.

Haya ya mji yalikuwa matatu. Ng'ombe wasizurure, mtama usipandwe karibu na nyumba, na wafu wasizikwe uani. Hayo mawili ya kwanza watu waliyanung'unikia wakayazoea. La tatu liliwachoma. Huku kwetu mtu anazikwa kwake, karibu na zizi, wajukuu wanacheza juu yake na ng'ombe wanamlalia, na hakuna anayeona ajabu. Sasa manispaa ilikuwa imetenga kiwanja cha makaburi nyuma ya mawe, mahali ambapo hata wachunga mbuzi hawapapendi, na ikaandikwa kwamba wafu wote wa Mwabulenga watapelekwa huko.

Wa kwanza kupelekwa alikuwa mama yake Luhaga.

Luhaga ndiye jirani wa karibu kabisa wa Venant, yaani nyumba yake unaiona ukisimama kwenye kichuguu. Masika yaliyopita mama yake alifariki, bibi mzee sana, na Luhaga akasema atamlaza pembeni ya baba yake, ambaye alizikwa hapo tangu enzi za wakoloni. Kabla hawajashika jembe, Venant akafika na afisa mtendaji wa kata, Bwana Gidion Odongo, na migambo nyuma yao. Hakufoka. Venant hakuwa mtu wa kufoka. Alivua kofia, akatoa pole, akasema sheria ni sheria na wala hakuitunga yeye, na kwamba mji hauwezi kujengwa kila mtu akiwa na makaburi mlangoni. Luhaga akawaambia wanawe wachukue majembe waende nyuma ya mawe.

Wakamzika huko, katikati ya majani, peke yake. Na kwa kuwa Mwabulenga watu wenyewe ni wa kutafuta, hakufa mwingine. Masika yakaisha, kiangazi kikaja, na bibi akawa bado ni yeye tu kwenye eneo zima la makaburi. Tangu hapo Luhaga alimwita Venant "Mwenyekiti", hakumwita tena jina lake. Paskazia, mke wa Luhaga, akawa anakwenda ziwani kuteka maji saa ambayo Dorotea, mke wa Venant, haendi. Dorotea lilimuuma sana hilo. Yeye na yule bibi walikuwa wakikaa pamoja jioni wakichambua dagaa, na bibi alikuwa na maneno, wee, hata ukimwaga maji ya moto haondoki mpaka amalize hadithi.

Jioni ya mazishi yale, Venant akiwa anafungua kamba za viatu, Dorotea alimwambia, "Mimi usinipeleke kule. Kule hakuna mtu."

"Sawa," Venant akajibu. Akavua kiatu cha pili. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, walikuwa wao wawili tu ndani ya nyumba ile, na wala hakufikiri kwamba neno lake lingeitwa kutoa ushahidi haraka hivyo.

Dorotea alianguka jikoni. Presha, walisema hospitali. Alipelekwa mjini akiwa anapumua na alirudishwa asubuhi moja ndani ya jeneza, nyuma ya gari dogo la mnunuzi wa samaki, likiwa limeoshwa vizuri lakini harufu haikutoka. Venant alikaa mbele na dereva. Walipopita Kiseke dereva alisema barabara hii mwenyekiti inabidi uipiganie, imekufa kabisa. Venant akasema, "Sawa."

Jamani, msiba unampiga kila mtu kivyake. Wapo wanaojirusha chini, wapo wanaotukana Mungu. Venant aliingiwa na ganzi. Aliketi kwenye kigoda chini ya ukuta wa nyumba yake akaona kwamba shati lake limefungwa vifungo kombo, na akakaa akiliangalia asilirekebishe. Aliwasikia watu wanampa pole na aliona midomo yao ikienda. Alijaribu kumfikiria mkewe na kichwani mwake hakukuja uso wake, ila sufuria aliyoiacha jikoni siku ile, ina maji na unga uliolowa. Akajiuliza kama kuna mtu ameiosha. Hilo tu ndilo aliloweza kujiuliza.

Mambo yote aliyashika Chenge, mdogo wake Dorotea, aliyefika kutoka Bujora na baiskeli. Chenge ni kijana wa sauti kubwa na machozi mengi, analia huku anatoa amri, na amri zenyewe zinafuatwa. Alipouliza shemeji tunamzika wapi, Venant akamwambia alichoahidi. Chenge akafuta pua. "Basi ni hapa hapa nyumbani. Dada yangu haendi kulala porini."

Gidion Odongo naye akaja, yule mtendaji wa kata, suti yake ya kijivu na mfuko wa sukari mkononi. Akakaa karibu na Venant, akateremsha sauti. "Mwenyekiti, nimesikia mnataka kuzika hapa. Zika. Nani atauliza? Hiyo sheria ni sisi tunaoisimamia, na sisi ndio hawa tumekaa hapa."

"Sawa," Venant akasema.

Ikabaki kazi ya kuchimba. Huku kwetu mfiwa hachimbi kaburi la mtu wake, hata awe na nguvu za fahali. Wanachimba majirani. Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana mtu anatazama sana jinsi anavyoishi na jirani. Chenge alingoja majirani. Wakaja akina mama wachache, wakaketi kwenye mkeka, wakaimba kidogo wakanyamaza. Wanaume hawakuonekana. Mwabulenga yote ilikuwa imesikia kwamba mwenyekiti anazika uani, na Mwabulenga yote ikabaki majumbani kwake na majembe yake. Jua lilipopanda Chenge alipandwa na hasira, akapanda na baiskeli, akaenda Kiseke akaleta vibarua. Wakachimba nyuma ya nyumba, haraka haraka, wakisikiliza redio.

Venant alilisikia jembe likiingia ardhini na redio ikitangaza bei ya pamba. Aliona kwamba inapaswa kumuuma hii, kuchimbiwa mke na watu wasiojua hata jina lake. Haikuuma. Alijibonyeza paja kwa kidole gumba, kwa nguvu, ikawa kama anambonyeza mtu mwingine.

Shimo lilipokwisha ndipo Luhaga akatokea. Alikuja akipita katikati ya misingi ya matajiri, Paskazia nyuma yake, na nyuma ya Paskazia wana wao, majembe mabegani. Wanawake kwenye mkeka wakaacha hata kukohoa. Chenge akasimama na kukunja mikono ya shati, maana habari za mama yake Luhaga alikuwa amesimuliwa na dada yake.

"Shikamoo mzee," Chenge akasema. "Kama umekuja na maneno, naomba uyaweke. Leo siyo siku yake."

"Marahaba. Sina maneno." Luhaga akamgeukia Venant. "Pole, Mwenyekiti."

"Nimeshapoa," Venant akajibu.

Luhaga akazunguka nyuma ya nyumba, akalitazama shimo, akarudi. Alikuwa mtu mfupi, mnene, na pumzi zake zilisikika. Akachuchumaa mbele ya Venant ili macho yao yawe sawa.

"Nisikudanganye," akasema. "Niliposikia umefiwa, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa, nikamwambia Paskazia sasa naye ataonja. Halafu nikasikia unamzika hapa. Venant, niliona giza! Nikachukua panga. Huyu mama ndiye aliyeninyang'anya, ndiye anayeweza kukuambia." Akamwonyesha Paskazia kwa kidevu. "Mama yangu mlimpeleka nyuma ya mawe, wa kwako ana uani. Nilisema nakuja kukufukia wewe humo."

Gidion Odongo akajikohoza. "Mzee wangu, tusifike huko."

"Tulishafika, Bwana Mtendaji, tukarudi. Ngoja nimalize." Luhaga akapangusa uso kwa kiganja. "Paskazia aliniambia kitu kimoja. Aliniambia, mama alimpenda nani hapa Mwabulenga, ukitoa sisi? Nikakosa pa kukimbilia. Venant, mimi silali. Mama yangu kila usiku namwona amekaa kule kwenye majani anatafuta wa kuongea naye, na unamjua alivyo. Sikuja kugombana. Nimekuja kukuomba Dorotea. Mpeleke akakae na mama."

Hakuna aliyetarajia hilo. Chenge akaja juu. "Haiwezekani! Shemeji alimwahidi marehemu. Kwa kinywa chake. Shemeji, mwambie!"

"Nilimwahidi," Venant akasema. Sauti yake ilitoka kavu, ya mtu anayesoma tangazo. "Alisema nisimpeleke kule. Alisema kule hakuna mtu."

"Alisema lini?"

"Siku tuliyomzika mama yako."

"Na tulipotoka kule tulimwacha nani?"

Venant akafikiri. Alifikiri kweli, polepole, maana kichwa kilikuwa kizito. "Tulimwacha mama yako."

"Basi kuna mtu," Luhaga akasema.

Wote wakamwangalia Venant. Na hapa niseme ukweli: hakuguswa. Hakuna kitu kilichofunguka kifuani mwake. Aliangalia mambo mawili, neno alilompa mkewe na yule bibi aliyempeleka porini yeye mwenyewe akiwa na kofia mkononi, na akaona kwamba lolote atakalochagua, kuna mwanamke mmoja atakayekuwa amemkosea. Mkewe hakuwapo amuulize. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulizoea, kwa sababu kwa miaka yote jambo likimshinda alikuwa anamuuliza yeye.

Akasimama. "Tunakwenda kule," akasema.

"Shemeji!"

"Kama nimekosea, Chenge, ni mimi nitakayemjibu. Si wewe."

Chenge akalia kwa sauti, akaitupa kofia yake chini, kisha akaiokota akaenda kushika jeneza upande wa kichwani, maana huwezi kumwachia dada yako abebwe na watu wengine.

Watoto wa Luhaga walitangulia na majembe. Kule nyuma ya mawe ardhi ni ngumu, kila wakichimba wanakutana na jiwe, wanalitoa, wanakutana na lingine. Ndipo watu walipoanza kuonekana. Mmoja alitoka upande wa korongo, wawili walitoka ziwani na nguo za kuvulia, mwingine akaja na mtaimbo kutoka barabara ya Kisesa. Walikuja kutoka kila pembe ya ule mtaa mkubwa usio na watu, wakashuka shimoni wakapokezana. Hata wale vibarua wa Kiseke walikuja wakazima redio. Katekista alisali sala fupi kwa sababu jua lilikuwa kali.

Jeneza liliposhushwa, Luhaga alisogea kwenye kaburi la mama yake, lililokuwa limeota majani, akaongea nalo kawaida tu. "Mayu, ni Dorotea huyu, wa kwa Venant. Umepata jirani. Usimchoshe na zile habari zako za njaa ya zamani, amechoka, mwache alale kwanza."

Akina mama wakacheka huku wanalia. Paskazia alilia mpaka akashikwa. Venant aliokota udongo, akautupa, akasikia unavyogonga mbao, akasogea ili wengine nao watupe. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba huyu mwenyekiti ana roho ngumu, na alisema kwa sauti ambayo Venant aliisikia. Akaona ni kweli.

Waliporudi nyumbani, wakanawa mikono, na wakataka kukaa. Lakini hakuna aliyekaa. Nyuma ya nyumba lilikuwapo lile shimo, limechongwa vizuri, udongo pembeni, linangoja.

Na hili nalo nilieleze kwa asiyelijua. Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, na wala halifukiwi tupu. Ukilifukia tupu litadai mtu. Kwa hiyo hupewa mgomba. Unakatwa, unalazwa humo alivyolazwa mtu, unafukiwa kwa heshima, na shimo linatulia. Hata wasomi wa mjini wakifikwa na hili hawabishi, wanatafuta panga.

"Sasa Mwenyekiti," Gidion Odongo akasema, akijaribu kuchangamsha, "hii si ndiyo kuzika uani?"

"Bwana Mtendaji, mgomba hauna kata," Luhaga akamjibu. "Kaa unywe chai."

Migomba ilikuwapo, kichaka kidogo nyuma ya bafu, Dorotea aliipanda mahali maji ya kuogea yanapotokea. Chenge akauchagua mmoja ulionyooka, akauangusha kwa mapigo machache, akaukata majani. Ukalala chini, mrefu, mweupe pale ulipokatwa, maji yakitoka. Chenge akainua panga ili aupunguze, akasita. Mgomba unakatwa urefu wa marehemu. Akamwangalia Luhaga, Luhaga akamwangalia Paskazia, na wote watatu wakamgeukia Venant.

"Shemeji," Chenge akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "dada alikuwa wa urefu gani?"

Venant alisogea. Alisimama wima kama alivyokuwa akisimama mlangoni jioni anaporudi, akainua mkono wa kulia, akaulaza mbele ya kifua chake, chini kidogo ya bega, kiganja kikiangalia ardhi.

"Hapa," akasema. "Alikuwa ananifikia hapa."

Akataka kuushusha mkono ili Chenge apime, mkono ukakataa. Ukabaki pale pale, umekaa juu ya kichwa ambacho hakikuwapo. Na Venant Kashindye, mwenyekiti wa mtaa, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zikimtoka, mbele ya mtendaji na wapiga kura wake wote, na alivyokuwa analia aliendelea kusema, "Hapa, Chenge, hapa, kata hapa," na Chenge amesimama na panga hewani, hawezi kukata.

Luhaga akalichukua panga mkononi mwake, akapima kwa jicho kutoka chini hadi kwenye ule mkono, akakata.